Kukodi redio na intakomu za kupigia filamu: mwongozo kamili, tangu oda hadi kurudisha masanduku

Wanaoniuliza kuhusu redio za mkononi (wokitoki) za kukodi karibu wote wana hadithi moja. Masanduku yalifika alfajiri, kila mtu akapewa redio yake, na ilipofika saa nne asubuhi nusu ya timu haiisikii nusu nyingine. Mwongozaji msaidizi akaishia kukimbia huku na huko akipaza sauti, na tukio lililopangwa kupigwa mara tatu likapigwa mara tisa.

Nimekagua oda nyingi za namna hiyo, na ni mara chache sana kosa lilikuwa ndani ya redio. Lilikuwa kwenye oda. Mtu alipiga simu akasema "tunataka redio ishirini" kabla hajakaa chini kujiuliza nani atazungumza na nani, wapi, na kwa masafa ya nani, yaani namba za mawimbi ambazo redio hutumia. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, za mbele zote zitayumba.

## Uwe na hivi mezani kabla ya kupiga simu

- Orodha ya timu nzima kwa idara, pamoja na wale wanaokuja siku moja tu.
- Ratiba ya siku za kupiga picha, na mchoro wa kila eneo unaoonyesha kamera ilipo, magari yanakoegeshwa na jenereta ilipo.
- Jina la mtu mmoja atakayebeba jukumu la redio. Mmoja, si "ofisi".
- Leseni ya masafa, au maandishi ya mkodishaji yanayoonyesha kwamba masafa atakayokupa anaruhusiwa kuyatumia mahali hapo.
- Bima inayotaja vifaa vya kukodi.
- Tepu ya kitambaa, kalamu ya wino usiofutika, daftari la kuandikishia, vifuko vidogo vya plastiki na vitambaa vyenye spiriti.
- Meza ya kuchajia yenye umeme usiozimwa usiku, mbali na jua na mvua.

## Hatua ya 1: Chora mazungumzo

Chukua karatasi, andika idara zote kwa duara, kisha chora mstari kati ya wote wanaolazimika kusikilizana. Wanaoongea kila dakika wape mstari mnene, wanaoongea mara mojamoja mstari mwembamba. Kila kundi lililofungwa na mistari minene ni chaneli yake.

Kwa kawaida chaneli 1 ni ya uzalishaji, na kila mtu hukaa hapo kusikia maelekezo ya seti. Chaneli 2 huachwa wazi: wawili wenye jambo refu wanahamia huko, wanamaliza, wanarudi. Baada ya hapo taa wana yao, gripu (wanaofunga na kusogeza vifaa vya kubebea kamera) yao, kamera yao, usafiri yao. Mimi sipendi kuvuka chaneli saba kwenye timu ya kawaida, maana watu husahau walipo na unabaki unamwita mtu asiyekusikia.

Sasa angalia mistari minene tena na ujiulize: je, hawa wanaweza kungojeana? Redio ya mkononi, au wokitoki kama wengi wanavyoiita, humruhusu mmoja tu kuzungumza kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe, wewe mwenyewe huwi tena msikilizaji. Intakomu ni tofauti: wote wanazungumza na kusikia kwa pamoja kama kwenye simu, mikono ikiwa huru.

Mwendesha kreni anayeshusha kamera juu ya vichwa vya waigizaji hawezi kuachia usukani abonyeze kitufe. Anayerekebisha fokasi naye anahitaji kusikia "polepole, polepole, simama" bila neno kukatwa katikati. Watu kama hao, pamoja na wapiga picha wa kamera nyingi zinazorekodi kwa pamoja, wape intakomu. Wengine wote redio inawatosha.

Karatasi yako iko tayari ukiweza kumwonyesha mgeni kidole na kusema huyu yuko chaneli gani na kwa nini.

## Hatua ya 2: Hesabu watu, kisha hesabu betri

Tuseme una waongozaji wasaidizi 3, watu wa uzalishaji na lokesheni 6, taa 5, gripu 4, kamera 3, sanaa 3, mavazi na vipodozi 3, usafiri 2 na fundi sauti 1. Hiyo ni redio 30. Ongeza moja ya akiba kwa kila kumi, unapata 33.

Betri ndipo wengi wanapoangukia. Saa zinazoandikwa kwenye vipeperushi mara nyingi hukokotolewa kwa mtu anayezungumza asilimia 5 ya muda, anayepokea asilimia 5, na redio yake ikiwa kimya asilimia 90 iliyobaki. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji si mtu huyo. Kuzungumza kunakula umeme mwingi kuliko kusikiliza, na yeye anazungumza kutwa. Kwa hiyo agiza betri mbili kwa kila redio: 66 kwa mfano wetu. Chaja za matundu sita zinakupa nafasi 36 kwa chaja sita, nazo zinatosha kuchaji seti nzima iliyoisha huku nyingine ikiwa kazini.

Vifaa vya masikioni vihesabu kwa mtu, si kwa jumla. Walio karibu na kamera wanahitaji kisikizi chenye mrija mwembamba wa kupitisha sauti, kisivujishe neno kwenye maikrofoni ya fundi sauti. Walio karibu na jenereta wanahitaji hedseti nzito ya kufunika masikio. Madereva wanaridhika na maikrofoni ya kubana begani yenye spika. Ukiagiza "visikizi 30" bila kufafanua, utaletewa aina moja, na dereva atakiacha kwenye dashibodi.

## Hatua ya 3: Maliza suala la masafa kabla ya kuchagua redio

Masafa ya redio ni mali inayogawiwa na mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi. Redio iliyo halali upande mmoja wa dunia inaweza kuwa inaingilia polisi au magari ya wagonjwa upande mwingine. Redio ndogo zisizohitaji leseni ni mfano mzuri: za Ulaya hutumia megahezi 446 kwa nguvu isiyozidi nusu wati, za Marekani hutumia kati ya megahezi 462 na 467. Kuzitoa eneo moja na kuzitumia jingine ni kuvunja sheria bila kujua.

Muulize mkodishaji maswali matatu, naye ajibu kwa maandishi. Masafa haya yana leseni ya nani? Leseni inaruhusu eneo tunalokwenda? Nani mwingine anayatumia hapo? Akijibu "usijali, kila mtu anayatumia", tafuta mwingine. Ikiwa unapaswa kuomba leseni mwenyewe, anza wiki kadhaa kabla, na ikiwa mnavuka mpaka ulizia pia karatasi za forodha za kuingiza vifaa kwa muda.

## Hatua ya 4: Chagua redio kulingana na eneo

VHF na UHF ni majina ya bendi mbili za masafa. Redio za VHF za kazi hii huwa kati ya megahezi 136 na 174. Zinafaa uwanda wazi: mashamba, jangwa, ziwani. Za UHF, nyingi zikiwa kati ya megahezi 400 na 470, hupenya vizuri zaidi kwenye milango, korido na vyumba, na antena zake ni fupi. Kwa kuwa filamu nyingi huingia na kutoka majengoni, UHF ndiyo chaguo langu la kwanza.

Usidanganywe na kilomita zinazoandikwa kwenye boksi. Mawimbi haya huenda karibu na mstari ulionyooka. Mtu aliyeshika redio mita 1.5 kutoka ardhini ana upeo wa kilomita 4 na kidogo kwenye tambarare isiyo na kitu. Wawili wakitazamana, upeo wao ukijumlishwa haufiki hata kilomita 9. Weka ukuta wa zege, kilima au msitu katikati, na umbali huo unashuka hadi mita mia chache. Kuongeza nguvu kutoka wati 4 hadi 5 hakubadilishi kitu cha maana. Kupandisha antena juu kunabadilisha. Ndiyo maana eneo pana linahitaji ripita, yaani mtambo unaowekwa mahali pa juu unaopokea kwa masafa mamoja na kurusha upya kwa mengine.

Halafu kuna analojia na dijitali. Analojia inapofifia hukuonya kwa mkwaruzo, unasogea hatua mbili unasikia tena. Dijitali ni safi hadi mwisho, kisha inakatika ghafla. Faida yake ni kwamba mfumo wa DMR, kwa mfano, hugawa chaneli moja ya kilohezi 12.5 katika nafasi mbili za muda, hivyo mazungumzo mawili yanaweza kupita kwenye ripita moja. Kwa timu ndogo yenye watu wapya kwenye redio, analojia haijawahi kuniangusha.

Onyo: usichanganye redio za wakodishaji wawili bila kulinganisha mipangilio. Niliwahi kuongeza redio sita kutoka kwingine siku ya tatu ya kazi. Masafa yalikuwa yaleyale, lakini sita zile zilikuwa bubu kwa wenzao. Nilipotazama kwa makini nikaona kitaa kidogo juu ya redio kinawaka kila mtu anapoongea, ila sauti haitoki. Dalili hiyo ikumbuke. Redio inapokea mawimbi lakini inayakataa kwa sababu toni ya siri haifanani. Toni hizi ni milio ya chini sana, kati ya hezi 67 na 254.1, inayotumwa chini ya sauti ili redio ifungue spika kwa kundi lake tu. Haifichi mazungumzo na haizuii kuingiliana. Toni zikitofautiana, makundi mawili yanazibana bila kusikiana. Tulipoteza saa mbili kulijua hilo.

## Hatua ya 5: Intakomu, ya waya au isiyo ya waya?

Ya waya ni imara mno na haihitaji leseni. Kituo kikuu hupeleka umeme na sauti kwenye kebo ileile ya XLR yenye pini tatu, na kila mtu hubeba kiboksi kiunoni chenye hedseti. Mifumo mingi ya aina hii hupeleka volti karibu 30 za umeme mnyoofu.

Hapo ndipo hatari ilipo: kebo zake zinafanana kabisa na za maikrofoni. Ukichomeka laini ya intakomu kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya fundi sauti unaweza kuiunguza. Zungushia kebo zote za intakomu tepu ya rangi moja, ncha zote mbili, kabla hazijatoka kwenye sanduku. Hakikisha pia laini ina kikomo kimoja tu cha umeme, yaani kipande cha kufunga laini, ambacho kwa kawaida kimo ndani ya kituo kikuu. Vituo viwili vikiunganishwa vyote na vikomo vyao, sauti inadidimia. Kisipokuwepo, laini inapiga kelele.

Isiyo ya waya ndiyo inayoombwa zaidi, hasa kwa kreni na kamera za kubebwa. Mifumo mingi hutumia DECT, teknolojia ya simu za nyumbani zisizo na waya, na hapa kuna mtego: Ulaya imetenga megahezi 1880 hadi 1900, Marekani 1920 hadi 1930. Seti ya upande mmoja si halali upande wa pili, kwa hiyo taja nchi unapoagiza. Zile za gigahezi 2.4 hushindana na waifai na vifaa kibao, nami nazikubali tu pale ambapo eneo ni letu peke yetu.

Antena ya kituo ipandishe juu ya vichwa vya watu. Mwili wa mwanadamu umejaa maji na hunyonya mawimbi hayo. Umati wa waigizaji wa ziada ukisimama katikati, laini iliyokuwa safi wakati wa mazoezi itaanza kukatika kamera inapoanza kurekodi.

## Hatua ya 6: Andika oda, soma mkataba

Oda yako itaje idadi ya redio, betri, chaja, aina ya kila kifaa cha masikioni, orodha ya chaneli kwa majina, masafa, toni, na tarehe za kuchukua na kurudisha. Omba redio zije zimepangwa tayari na kwamba kibodi imefungwa, mtu asibadilishe mpangilio kwa kubonyeza ovyo.

Kwenye mkataba tafuta mambo manne: siku za kusafirisha zinatozwa au la, bei ya kulipia kila kitu kikipotea, hadi klipu ya mkandani, nani analipa redio ikifa yenyewe, na mbadala unafika baada ya saa ngapi. Mrija wa kisikizi unaonekana kitu kidogo, lakini ndio unaopotea kuliko vyote, na mwisho wa mwezi ankara yake hushtua. Ikiwa mkodishaji hana bei za kupotea kwa maandishi, usitie saini hadi aziandike.

## Hatua ya 7: Pokea kwa kupima, si kwa kuhesabu tu

Chukua vifaa siku moja kabla. Tandaza kila kitu mezani, kisha kwa kila redio fanya hivi:

1. Tazama shingo ya antena. Ikicheza, irudishe. Redio zinazobebwa kwa kushikwa antena huvunjika hapo.
2. Tingisha betri redio ikiwa imewashwa. Ikizimika hata sekunde moja, migusano ya shaba imechakaa au imeshika uchafu.
3. Chomeka kisikizi, bonyeza kitufe cha kuzungumzia, na mwenzako asikilize kwenye redio nyingine. Pindapinda waya karibu na plagi huku ukihesabu hadi kumi. Sauti ikikatika kwenye nne au tano, waya umekatika ndani.
4. Pitia chaneli zote, moja baada ya nyingine. Watu hujaribu chaneli 1 tu.

Bandika tepu yenye namba kwenye kila redio, na namba hiyohiyo kwenye kisikizi chake. Piga picha masanduku yakiwa wazi.

Kazi imekamilika pale kila namba ina alama nne kwenye daftari lako, na zilizokosa zimewekwa kando zikingoja kubadilishwa.

## Hatua ya 8: Jaribu kwenye eneo lenyewe

Usiruke hatua hii hata kama umechoka. Ofisini kila redio inafanya kazi.

Mtu mmoja asimame kamera itakapokuwa, wa pili atembee hadi mwisho wa eneo: ghorofa ya chini, nyuma ya jenereta, lango la magari. Kila baada ya hatua hamsini ahesabu moja hadi tano. Palipokatika weka alama kwenye mchoro. Rudieni na magari yakiwepo na taa zikiwaka, kwani baadhi ya vifaa vya umeme hutoa mwingiliano usiouona mchana wa ukaguzi.

Mashimo hayo ya kukatika yakiwa mawili matatu, mweke mtu wa kupokeza ujumbe hapo. Yakiwa mengi, unahitaji ripita, na afadhali uiagize leo kuliko kesho saa tano.

## Hatua ya 9: Gawa na fundisha kwa dakika tano

Kila mtu atie saini ya namba yake, redio na kisikizi. Mkono kwa mkono. Ukiacha sanduku wazi watu wajichukulie, kufikia jioni hutajua redio iko wapi.

Kabla ya kuanza, waambie haya wakiwa wamesimama pamoja:

Fikiri kwanza, bonyeza, ngoja kidogo, ndipo useme. Anayebonyeza na kusema papo hapo hukata neno la kwanza, na "usisogeze" inasikika "sogeze". Hiyo nimeiona kwa macho yangu, ngazi ikiwa imemlalia mtu begani.

Taja unayemwita, kisha jina lako: "Taa, hapa Kamera." Aliyeitwa ajibu, hata kama ni "subiri" tu. Ukisikia maelekezo, jibu "nimepata". Ukimya si jibu. Unapohama chaneli tangaza, na ukirudi tangaza.

Baada ya hapo ita idara moja moja kwenye chaneli 1. Mpaka kila moja imejibu kwa sauti safi, kazi haijaanza.

## Hatua ya 10: Sehemu mbili ambako redio ni hatari

Karibu na baruti. Vilipuzi vya filamu vinavyowashwa kwa umeme vina nyaya, na nyaya hizo zinaweza kupokea mawimbi ya redio kama antena. Msimamizi wa baruti akisema zima, kila redio, simu na intakomu isiyo ya waya ndani ya eneo alilotaja inazimwa kabisa, na umbali ni yeye anayeupanga. Mkubaliane ishara za mikono mapema. Hapa hakuna mtu mkubwa wa kupewa ruhusa ya pekee.

Karibu na sauti. Redio inayorusha karibu na kipokezi cha maikrofoni zisizo na waya inaweza kuharibu tukio zima, nayo dijitali huacha mlio wa kukwaruza unaopigapiga. Mpe fundi sauti orodha ya masafa yako kabla hajapanga yake, na weka sheria ya kutobonyeza kitufe ndani ya hatua chache kutoka kwenye meza yake.

## Hatua ya 11: Betri, mchana na usiku

Badilisha betri zote wakati wa chakula cha mchana, zilizoisha na zisizoisha. Kungoja redio ilie ni kungoja ilie katikati ya tukio. Zilizotumika ziwekwe upande wa kushoto wa meza, zilizojaa kulia, na asiruhusiwe mtu kuchukua mwenyewe. Kwenye baridi kali betri za lithiamu hupungua nguvu, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti.

Mkisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, migusano ikiwa imefunikwa, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Betri ya redio ya volti 7.4 yenye ampea-saa 2.2 ina wati-saa kama 16, mbali sana na ukomo wa kawaida wa 100, lakini zikiwa nyingi zungumza na shirika la ndege mapema.

## Hatua ya 12: Rudisha mbele ya macho ya watu wawili

Kusanya redio kila jioni. Siku ya mwisho watu huondoka wakiwa na furaha na visikizi masikioni, kwa hiyo simama mlangoni na daftari lako kabla ya watu kuaga.

Toa tepu, futa visikizi kwa spiriti, toa ncha za mpira zilizoingia masikioni na uzitupe. Zima redio. Panga kila sanduku kama lilivyo kwenye picha uliyopiga wakati wa kupokea. Kilichovunjika kitie kwenye kifuko chake na karatasi inayoeleza kilichotokea, maana mkodishaji anayeambiwa ukweli mapema hutoza kwa haki kuliko anayegundua mwenyewe.

Hesabu pamoja na mtu wao, si dereva aliyetumwa kuchukua mzigo tu. Kama ni dereva pekee aliyekuja, hesabu mbele yake, apige picha, atie saini kwenye orodha yenye namba na tarehe, na nakala umtumie mkodishaji kabla gari halijaondoka. Nakala yako itunze hadi amana irudi yote.